Tabo na Taabu

Mama yangu, aishiye Kibokoni mjini Mombasa, na ambaye masikio yake ni mazima ila simu za masafa ndizo zimezazo maneno, aliponisikia nikimwambia kwa furaha kwamba nimenunua gari lenye tabo, alinyamaza kitambo, akashusha pumzi, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu atoaye rambirambi, "Mwanangu, katika magari yote ya nchi hiyo hukupata lisilo na taabu?" Nilicheka sana siku ile, nikamfahamisha kuwa tabo ni kitu na taabu ni kitu kingine. Huo ulikuwa mwezi wa Septemba. Januari ilipoingia nilikuwa nimekwisha kuona kwamba mama alisikia sawasawa, na kwamba aliyekosea matamshi ni mimi.

Nakaa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, mji ambao theluji huuingia Novemba kama mgeni, na Machi ikawa bado imekaa kama mwenye nyumba. Sisi tuliokulia pwani tulikuwa na kipupwe, na katika kipupwe, joto lishukapo hata nyuzi 22, wazee wetu walikuwa wakijifunga shali na kukohoa kwa heshima, wakiapa kwamba baridi ya mwaka ule haijapata kuonekana. Katika Winnipeg nyuzi hushuka hata sifuri, zikaipita sifuri kana kwamba hazikuiona, zikenda 30 chini yake bila ya mtu kuona ajabu. Na katika usiku fulani wa nakama hukaribia 40, mahali ambapo Selsiasi na Farenhaiti, vipimo viwili vilivyokhitalifiana tangu karne ya 18, hukutana na kusema neno moja. Zebaki yenyewe, madini yasiyojua kutulia, huganda kabla ya kufika hapo.

Katika nchi kama hiyo mtu mwenye busara hununua gari la gia za kujibadilisha, lenye viti vya kupashwa moto na sura isiyosisimua moyo wa mtu yeyote. Mke wangu, Mama Salma, analo la namna hiyo, na tangu alinunue halijamwambia neno. Mimi nilinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, ya gia tano za mkono na nguvu za farasi 227, rangi ya samawati, yenye rimu ambazo kijana aliyeniuzia alizipaka dhahabu kwa mkono wake mwenyewe, tena si kwa mkono uliotulia. Gari lenyewe halina hatia katika yote nitakayoyasimulia, na kijana yule pia nimemsamehe. Yote yalianza mwaka 1997, nilipokuwa mtoto, tukabanana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni kumtazama Colin McRae akishinda Safari Rally kwa gari la samawati kama hilo, likitimua vumbi jekundu la bara mpaka sisi tulioketi Kibokoni tukahisi kukohoa; na mtu akishaingiwa na ashiki ya namna hiyo katika umri wa kupoteza meno ya utotoni, hata hekima ya utu uzima haimfai kitu. Kwamba McRae alikuwa katika joto na vumbi, nami ningekuwa katika sakitu na barafu, ni hesabu ambayo sikuifanya.

Kwa faida ya mama yangu, na wengine waliosikia kama alivyosikia yeye, tabo ni mvukuto. Mhunzi hupuliza makaa ili moto ukolee, na injini nayo huhitaji kupulizwa. Ila uhodari wa tabo, ambao hataza yake ya kwanza aliiandikisha Alfred Büchi wa Uswisi mwaka 1905, ni kwamba mpulizaji hapati ujira. Moshi utokao katika injini, badala ya kupotea bure, huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha mwenziwe ashindiliaye hewa kuirudisha katika injini, nayo hewa hiyo huleta nguvu zaidi na moshi zaidi, na moshi huzidi kuzungusha. Ni kama mtu ashibaye kwa kunusa mabaki ya chakula chake. Sasa tazama kejeli ya maumbile: hewa baridi hushikamana, na hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 juu ya sifuri kwa kadiri ya robo nzima. Maana yake ni kwamba asubuhi ile ambayo mimi nimejikunja kama kamba aliyekaushwa juani, gari langu ndipo lina kifua kipana kuliko siku zote za mwaka.

Walakini halipaswi kukitumia kifua hicho. Kijiti cha tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hakina kitu cha kukilaza ila utando mwembamba wa oili. Na oili, ijapokuwa imeandikwa katika kopo lake kwamba ni 5W-30, na ile W ni alama ya majira ya baridi, ikishalala nje usiku kucha huamka nzito na vivu kama asali ya chupa ya mwaka juzi. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kabla haijapata moto, unakizungusha kijiti kikavu. Basi sharti uende taratibu, injini ikinong'ona. Mshale wa joto ulio mbele yako usikughuri, kwani hueleza habari za maji tu, na maji hupata moto mapema na kujisifu, hali oili bado inajinyoosha. Mimi katika baridi kali nahitaji dakika 25. Safari ya kutoka nyumbani kwangu mpaka hospitalini nifanyapo kazi za usiku ni dakika 22. Alhasili, kila siku naingia katika uwanja wa kuegesha magari dakika tatu kabla gari halijawa gari. Nimekuwa kama mpishi ambaye kila siku hutia biriani motoni, na kila siku ikikaribia kuiva huitwa kwenda mazishini.

Njiani, katika dakika zile 22 za adabu, nimepitwa na kila kitu. Nimepitwa na basi la shule. Nimepitwa na gari la kusukuma theluji, likiwa kazini. Siku moja katika Portage Avenue vijana wawili walio katika gari dogo la mkebe walisimama ubavuni mwangu kwenye taa nyekundu, wakaziona rimu za dhahabu, wakaungurumisha injini yao kunialika katika mashindano. Nami nikawatazama kwa macho ya kuomba radhi, nikawaonyesha kwa kidole mshale wa joto, jambo ambalo bila shaka walilielewa vingine, kwa maana taa ilipokuwa kijani waliondoka wakicheka hata kichwa cha mmoja kikagonga kioo.

Na hayo ni baada ya kuondoka. Kuondoka kwenyewe kuna mlango wake. Nilipofika nchi hii niliona magari yote yana kamba ya umeme iliyotokeza puani kama ulimi, nikadhani ni ya umeme mtupu, nikawastahi wenyeji kwa maendeleo yao. Kumbe ni hita ya kupasha injini moto: usiku huchomekwa ukutani, na gari hulala likinyonya umeme kama mtoto alalaye na chuchu kinywani. Hita hizo zinamkumbuka Andrew Freeman, mtu wa mambo ya umeme wa Grand Forks katika North Dakota, mji ulio kusini mwetu kando ya mto huohuo wa Red River, aliyepata hataza yake mwaka 1949. Nami naamini mtu huyo ameokoa ndoa nyingi kuliko makadhi. Jirani yangu, mzee ambaye babu zake walihamia huku kutoka Ukraine, tangu Novemba hanisalimu kwa salamu nyingine. Hanijulii hali wala hali ya watoto. Hupaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Umechomeka?" nami huitikia, "Nimechomeka," na mazungumzo yetu ya siku huwa yametimia.

Upungufu wa salamu hiyo ni kwamba haina ya asubuhi. Hakuna mtu aulizaye, "Umechomoa?" Jumatatu ya pili ya Januari niliwasha gari, likawaka kwa mara ya kwanza kama lililotoka Mombasa jana, nikafurahi mno, nikaondoka kwa heshima zote, nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya kukatika, nisiijali, nikaenda maili mbili nikiwapungia mkono wapita njia walionipungia, hadi nilipofahamu kwamba hawakuwa wakinisalimu, bali walikuwa wakinionyesha kamba ya rangi ya machungwa, yenye urefu wa pima nne, niliyokuwa nikiiburuta katika theluji mfano wa mtu aliyetoroka kizuizini.

Nisiseme neno juu ya viatu? Baridi ya huku hudai viatu vya mpira na manyoya, vipana kama vikapu, na gari la gia za mkono lina pedali tatu zilizokaribiana kama watoto wa kitanda kimoja. Kwa viatu vile nilikanyaga breki nikapata na mafuta humohumo, gari likaingiwa na tashwishi, likawa linasimama na kukimbia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo naweka makubadhi chini ya kiti, makubadhi ya ngozi halisi aliyoniletea binamu yangu kutoka Lamu, na kila safari navua vikapu, navaa makubadhi juu ya soksi mbili za sufu, ndipo naanza kuendesha. Mama Salma amenipiga picha nikiwa katika hali hiyo, na picha imekwisha kufika Kibokoni.

Gia nazo zina hadithi. Kwanza ni za mkono wa kulia, kwani huku usukani uko kushoto. Nami nilifundishwa kwetu, ambako dereva hukaa kulia na gia hutiwa kwa mkono wa kushoto. Kwa mwezi mzima mkono wa kushoto ulikuwa ukiupiga mlango kibao kila nilipotaka gia ya tatu, na ule wa kulia umekaa pajani kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Pili, oili ya giaboksi haipashwi na hita ya mtu yeyote. Katika nyuzi 31 chini ya sifuri nilikanyaga klachi, nikashika fimbo ya gia, nikaisukuma kuipeleka katika gia ya kwanza, nayo ikaenda kwa mwendo wa mwiko katika sima ya watu kumi, ikafika ilipotaka kufika, ikakaa. Nikaachia klachi, pedali haikurudi mara moja kama ada yake, bali ilipanda taratibu, kama mzee ainukaye kutoka katika mkeka, na mimi nikaitazama ikipanda, na gari likatutazama sisi sote. Gia ya pili ilikataa kabisa kwa nusu maili. Ilitoa sauti ya meno ya msumeno juu ya kigae, sauti ambayo huitoboa pochi kabla ya kuufikia moyo. Jirani yangu ndiye aliyenifundisha dawa: ukanyage klachi, utoe gia, uachie, ukanyage tena, ndipo utie, kama walivyofanya madereva wa malori ya zamani, au uiache gia ya pili ilale, utoke ya kwanza uende ya tatu, kwa kujifanya hukuiona.

Hata mataira huamka na ugonjwa wake. Usiku kucha yamelemewa na uzito mahali pamoja, mpira umekakamaa, na asubuhi kila moja lina upande uliolala. Kwa hiyo mwendo wa kwanza ni wa magurudumu ya mraba, du, du, du, kama ngoma ya mtu mwenye msiba, hata yazunguke na kulainika. Ya kijana aliyeniuzia yalikuwa ya kiangazi, ambayo hukakamaa mara tu joto lishukapo chini ya nyuzi 7, nami nikalazimika kununua manne ya baridi kwa bei ambayo mama yangu akiisikia atasema kwamba simu imekata tena.

Sasa nije katika hendbreki, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe lina mizizi.

Aliyenifundisha gari ni ami yangu, dereva wa malori katika njia ya Mombasa na Nairobi, na chuo chake kilikuwa ule mteremko wa kushukia feri ya Likoni, ambako magari husimama msururu, pua ya hili katika mkia wa lile, na bahari iko chini ikisubiri mwenye makosa. Siku ya mtihani wangu tulikuwa tumevuka, tunapanda upande wa pili, akaniamuru nisimame katikati ya mlima, akashuka, akasimama nyuma ya gari lake mwenyewe, mikono kiunoni, akasema, "Haya, ondoka. Ukinirudia hata shubiri moja, utakwenda wewe kumweleza mke wangu." Tangu siku ile mimi na hendbreki ni ndugu. Nisimamapo, navuta, nisimamapo katika tambarare isiyo na hata kichuguu, navuta, na Manitoba, nchi tambarare kama sinia, haijaona mtu avutaye hendbreki kama mimi. Jirani yangu alinionya tangu Oktoba kwamba wakati wa baridi haivutwi, gari huachwa katika gia. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini mtu haonywi mkono, huonywa sikio.

Ilitokea Februari siku ya nafuu, nyuzi 8 tu chini ya sifuri, watu wakavua skafu. Nikalipeleka gari kuoshwa, ili kuondoa chumvi imwagwayo barabarani, likarudi linang'aa, maji yakitiririka hata katika magurudumu. Nikaliegesha, nikavuta. Usiku ukashuka hata nyuzi 29. Asubuhi nikachomoa (nilikuwa nimejifunza), nikawasha, nikatia gia, nikaachia klachi, injini ikazimika. Nikarudia, ikazimika. Mara ya tatu nilizidisha mafuta kidogo, nalo likasogea, magurudumu ya nyuma yasizunguke hata kidogo bali yakiteleza juu ya barafu, yakiburutwa kama mbuzi wa Idi aliyekwisha kumwona mwenye kisu. Nikaiteremsha fimbo, nikaipandisha, nikaiteremsha tena; ilikuwa laini mkononi, haina habari na kitu. Breki zilikuwa zimegandiana huko ndani, na hazikuwa na haja ya ruhusa yangu.

Ndipo nikapata rai. Ikiwa barafu ndiyo adui, nikasema nafsini, basi maji ya moto ndiyo dawa. Nikaingia jikoni, nikachemsha birika kubwa la chai, nikatoka nalo likifuka mvuke kama garimoshi, nikamimina lote juu ya gurudumu la nyuma la kulia. Kwa muda wa kusema Bismillahi mambo yalikuwa mazuri. Kisha maji yale yakakumbuka yako nchi gani. Yakaganda katika gurudumu, yakaganda chini ya gurudumu, yakatandaa katika njia yangu nzima wembamba wa kioo cha taa, na mimi nilipogeuka kufuata birika la pili, miguu yangu, iliyokuwa katika makubadhi, ikatangulia kwenda Ukraine na kichwa kikabaki Manitoba. Nililala pale chali nikitazama mbingu za samawati safi. Kifuniko cha birika kiliendelea kuteleza peke yake mpaka uani kwa jirani.

Mzee alitoka na kifuniko katika mkono mmoja na nyundo ya mbao katika mwingine. Hakuniuliza kitu, adabu yake ni kubwa. Aligonga gurudumu mara nne, tano, kwa utaratibu, kama mtu abishaye hodi kwa watu walalao, akaniashiria niingie nitie gia ya nyuma, kisha ya mbele, kisha ya nyuma. Na katika mara ya sita pakatoka mlio, ka! ambao nilidhani ni mfupa wangu, gari likawa huru. Akanirudishia kifuniko.

Baada ya hapo niliishi kwa hadhari majuma matatu, na juma la nne nikalipwa. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka zamu ya usiku, nyuzi 33 chini ya sifuri, sina pa kuwahi. Nikasema leo biriani hii nitaila. Sikwenda nyumbani; nilishika Perimeter Highway, barabara iuzungukayo mji, nikaenda kwa upole hata mshale wa maji ukasimama, nikahesabu dakika kumi nyingine kwa ajili ya oili, na jua likachomoza juu ya uwanda mweupe usio na mwisho, likiwa na majua mawili ya uongo ubavuni mwake, kulia na kushoto, kama bwana harusi na wapambe wake, kwa sababu ya vipande vya barafu vilivyokuwa vikielea hewani. Barabara ilikuwa kavu na tupu. Nikatia gia ya tatu, nayo iliingia kama funguo katika kufuli lake, nikakanyaga. Kitambo kidogo hapakuwa na kitu. Kisha tabo ikapiga mbinja, nyembamba, ya mbali, kama baharia amwitaye mwenziwe usiku, na ile hewa nzito yenye robo ya ziada ikaingia kifuani mwa gari kwa mkupuo, na kiti kikanisukuma mgongoni kwa namna ambayo nilipiga ukelele peke yangu, kwa Kiswahili. Yalidumu kiasi cha nukta sita. Ndipo nikafikia mwendo wa mwisho wa sheria, nikauondoa mguu. Nilirudi mjini nikiimba.

Nikaingia nyumbani, nikaliegesha gari nyuma ya lile la Mama Salma, nikaacha injini iungurume dakika moja ili tabo ipoe kwa heshima, nikazima, nikaupapasa usukani wake, nikachomeka kamba, nikapanda kitandani nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa deni la zamani.

Aliniamsha Mama Salma, amekwisha kuvaa koti. "Baba Salma, nataka kutoka, na gari lako limenizibia. Hebu kalisogeze." Nikashuka na makubadhi yangu, nikachomoa kamba, nikafuta sakitu katika kioo cha dereva kwa mkono wa koti, nikachungulia. Mkono wangu wa kulia, ambao kwa miezi minne ulishindwa kujifunza gia ya pili, ulikuwa umekumbuka somo moja la Likoni: fimbo ilikuwa imesimama baina ya viti viwili, imevutwa mpaka jino la mwisho. Theluji iliyoyeyuka kwa ule moto wote wa furaha yangu ilikuwa imekwisha kugeuka mawe meupe katika magurudumu ya nyuma.

Ng'ambo ya ua mlango wa mzee ulifunguka, nikaona nyundo kwanza.

"Nikuchemshie maji?" akauliza Mama Salma.